Nani Kakwambia Kutu Inaambukiza?

Sogeza kiti, ndugu yangu, hasa kama na wewe ulikua enzi zile ambazo darasa zima lilikunywa maji kwa kikombe kimoja cha plastiki. Nataka kukueleza jambo polepole, na palipo na ugumu nitarudia. Jambo lenyewe ni la kitoto, lakini sijaliachia mpaka leo, na sina mpango wa kuliachia.

Juzi nilipita kwenye gereji moja ya rangi za magari kule Ngarenaro. Sikuwa na gari la kupaka. Nilivutwa na harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ambayo huingia puani kama ubaridi kwanza na kuwa harufu baadaye. Fundi alikuwa anakwangua mlango wa pikapu. Rangi ilipobanduka, chini yake kulikuwa na nyuzi za kutu, nyembamba, zimejigawa matawi, na matawi yamejigawa tena. Niliinama kuzitazama kwa muda mrefu mpaka fundi akaniuliza, "Mama, kuna kitu kimekudondoka?"

"Hapana, fundi. Naangalia kazi yangu."

Alinitazama kwa huruma, akaendelea kukwangua. Lakini nilisema kweli. Mimi ni mwanafizikia. Natafiti namna vitu vinavyokua kwa kujigawa matawi na namna vinavyosambaa kwenye mitandao: kutu chini ya rangi, maji kwenye ufa wa mwamba, homa kati ya watu, maneno kati ya majirani. Chukua hiyo kutu ya mlangoni. Unyevu unapenya kwenye mkwaruzo mdogo, na kutu inaanzia hapo. Kwa nini isitanuke duara, kama tone la mafuta kwenye karatasi? Kwa sababu ncha iliyotangulia kidogo ndiyo inayokuta chuma kipya, na kadiri inavyokipata ndivyo inavyozidi kutangulia, na zilizobaki nyuma zinakosa. Ikikwama, inagawanyika. Ukilitazama tawi moja dogo kwa lenzi unaona mti mzima tena, na kwenye mti huo, tawi dogo lenye mti mwingine. Umbo la namna hiyo tunaliita fraktali. Jina unaweza kulisahau. Usisahau hili tu: kitu kinachosambaa chenyewe kutoka mahali pamoja huacha njia nyuma yake, na njia hiyo inaweza kufuatwa kurudi mpaka mwanzo.

Hilo sikulijua chuo kikuu. Nililijua nikiwa na mkoba mgongoni, kwa sababu ya meno yangu.

Tulihamia mjini, Ngarenaro, kutoka upande wa Momela, nyuma ya Mlima Meru, nikiwa nimeshaota meno ya mbele ya ukubwani. Kule kwetu kila mtu mzima niliyemjua alikuwa na meno ya kahawia. Bibi alikuwa nayo, mwinjilisti alikuwa nayo, mwenye duka, mpiga kinanda wa kanisani. Wengine yalikuwa na mistari tu, kama maziwa yaliyodondokewa chai, na wengine yalikuwa kahawia kabisa, kama buni iliyokaangwa. Watoto wadogo ndio waliokuwa na meno meupe. Basi nikajumlisha kama mtoto anavyojumlisha. Meno meupe ni ya utoto, na yakikomaa yanageuka rangi, kama ndizi inavyogeuka ikiiva. Ya kwangu yalipochomoza na mistari yake ya kahawia, nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mwinjilisti nikaridhika sana. Nimekuwa mkubwa.

Mtu mmoja tu alinitatiza, naye ni mama. Mama ni wa Machame, Kilimanjaro. Aliolewa akaja Meru akiwa mwanamke mzima, na meno yake yalikuwa meupe kama punje za mahindi machanga. Nilimhurumia. Nilidhani watu wa Machame wanachelewa kukomaa. Akimfokea baba nilikuwa nawaza: asamehewe tu, bado ana meno ya maziwa.

Mjini baba alifungua gereji ya rangi kwenye uwanja nyuma ya nyumba tuliyopanga, nami nikaanza shule ambayo wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafanyabiashara na watumishi waliotoka Kilimanjaro. Nikaona vinywa vyeupe kila upande. Nikajisemea, hawa wote ni Machame. Niliketishwa dawati moja na msichana anayeitwa Ndeshi, karibu na dirisha, mahali ambapo asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, unauona mlima wote mpaka kileleni. Ndeshi aligeuka, akanikagua, akauliza bila ubaya wowote:

"Mbona meno yako yana kutu?"

"Mbona ya kwako ni ya maziwa?"

"Ya maziwa? Wee, mimi niko darasa moja na wewe!"

"Basi hujakomaa. Usijali, yatakuja."

Tulicheka mpaka Mwalimu akatutupia kipande cha chaki. Tangu siku hiyo mimi nikawa Kutu na yeye akawa Maziwa. "Kutu, niazime raba." "Maziwa, toa kiwiko chako." Jina hilo halikuniuma hata kidogo. Lilikuwa langu, alinipa rafiki, na nilikuwa na la kumrudishia.

Mama yake Ndeshi aliuza vitenge sokoni Kwa Mrombo, na alikuwa na pikapu nyeupe. Jumamosi moja aliileta kwa baba. Rangi ya mlango ilikuwa imevimba vimba. Baba alikwangua kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akamwonyesha.

"Hili si doa, mama. Hii ni kutu, na kutu inaambukiza. Ukiiacha hapa mlangoni, baadaye iko kwenye bodi, halafu sakafuni. Chuma kibovu hakikai na kizima."

"Inaambukiza?"

"Kama upele."

Wakati huo nilikuwa namletea baba msasa. Nilipomwona mgeni nikamsalimia vizuri, kwa tabasamu langu lote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwa..." Akaishia hapo. Akanitazama mdomoni. "Wewe ndiye yule Kutu?"

"Ndiyo mama! Nakaa na Ndeshi!"

Nilijibu kwa fahari. Yeye akageuka akatazama mdomo wa baba, ambaye alikuwa bado anaeleza habari za praima, ile rangi ya kwanza, na tina, meno yake ya kahawia yakionekana na kupotea. Hakuuliza kitu. Mpaka leo, nikiwaza habari ile, hicho ndicho kinachonichoma. Aliyajua majibu kabla ya swali.

Jumatatu Mwalimu aliniita kabla ya somo la kwanza. Alikuwa mwanamke mpole, lakini upole wa mtu aliyechoka kubishana.

"Elifuraha, chukua mkoba wako. Utakaa kule nyuma."

"Nimefanya nini, Mwalimu?"

"Hujafanya kitu. Wazazi wamesema."

Wazazi. Jumamosi alikuwa mzazi mmoja, na Jumatatu wameshakuwa wengi. Nikapewa dawati la nyuma kabisa, peke yangu, karibu na mlango, mahali ambapo mlima hauonekani. Nikapewa na kikombe changu mwenyewe cha kunywea maji, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili mtu asikosee. Mapumziko nilisikia mengine. Mmoja alisema inapita kwenye mate. Mwingine alisema inapita kwenye kalamu. Wa tatu alisema binamu yake alikaa na mtu wa Momela kwenye basi na sasa jino lake la nyuma linauma.

Unadhani nilikasirika? Hapana, hasira ilikuja baadaye. Kwanza niliamini. Ni baba aliyesema kutu inaambukiza, nilimsikia kwa masikio yangu, na baba hakuwahi kudanganya habari za chuma. Nilichojua ni kwamba vifaa vyake alivipaka mafuta visishike kutu. Kwa hiyo nikawa kila nikimaliza kula nachovya kidole kwenye mafuta ya alizeti, napaka meno, kisha natembea mdomo wazi yasipate unyevu.

"Eli," mama akauliza, "mbona midomo inang'aa kama umetoka kula kitimoto?"

Niligeuza uso, kwa sababu kuhusu mama nilikuwa nimeshagundua jambo baya zaidi. Mama alikuwa na kikombe chake cha bati, cha bluu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Miaka yote sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa nilijua. Ndiyo maana meno yake yalibaki meupe. Alikuwa akijikinga. Alijikinga na baba, alijikinga na kaka yangu, na alijikinga na mimi.

Nikaanza kubeba sahani yangu na kwenda kulia kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Mara ya kwanza mama aliniacha. Mara ya pili alitoka na mwiko mkononi.

"Unakula huko nje wewe ni mgeni wa nani?"

"Nisikuambukize."

"Uniambukize nini?"

"Kutu."

Mama aliketi kwenye ngazi, ubavuni kwangu. Siku ile tulikuwa tunakula mtori wa ndizi. Alininyang'anya kijiko kikiwa kimetoka mdomoni mwangu, akachota kwenye sahani yangu, akala. Akachota tena. Kisha akaniambia:

"Ulipokuwa unaota meno ulikataa uji, ukakataa maziwa. Nilikuwa natafuna ndizi kwa mdomo huu, natafuna nyama, nakutilia wewe kama ndege. Kaka yako hivyohivyo. Na baba yako nimekunywa naye glasi moja tangu sendofu, siku ya kuniaga kwetu, watu wanapiga vigelegele. Kama ni ya kuambukiza, mimi ningekuwa nayo mpaka kwenye kucha. Haya, tazama."

Akafungua mdomo. Nilitazama mpaka kwenye magego. Meupe yote.

"Na kile kikombe?"

"Kikombe gani?"

"Cha bluu. Hutaki tukiguse."

Alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango. "Mwanangu, kile nakunywea tangawizi na pilipili manga za kifua! Ulikionja ukiwa mdogo, ukalia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa." Halafu kicheko kikakatika. "Eli. Ulidhani nakuogopa wewe?"

Akaingia ndani, akatoka na kikombe, akanipa. "Kunywa." Kiliniwasha koo, machozi yakanitoka. Nikanywa tena.

Hapo ndipo hasira ilipokuja, tena nzuri, yenye kazi ya kufanya. Mama alitaka asubuhi yake aende shuleni kuwapa watu vipande vyao. Nikamwomba asubiri. Nilitaka kwanza kujua neno hili limetoka wapi. Nilikuwa nimehamishwa dawati langu, dirisha langu, rafiki yangu, kwa neno. Nilitaka kujua nani mwenyewe.

Basi nikawa na swali moja tu kwa kila aliyenikwepa: "Nani kakwambia?" Usidhani watoto walinificha. Ukimwuliza mtoto swali la namna hiyo kwa sauti ya kawaida, anajibu, na akiwa hajui anakwenda nyumbani kuuliza, kwa sababu na yeye anataka kujua. Huyu kaambiwa na mama yake. Mama yake kasikia saluni. Kule saluni alilileta mama wa yule wa kalamu, ambaye kasikia kwenye kwaya. Yule wa binamu wa kwenye basi alisema kaambiwa na dada yake, na dada yake kaambiwa na yuleyule wa saluni. Nikitoka shule nilichukua chaki, nikachora kwenye sakafu ya gereji: nukta kwa kila mtu, mstari kutoka kwa aliyesema kwenda kwa aliyeambiwa. Mistari ilitoka pembeni mingi, myembamba, ikaungana miwili miwili, ikazidi kuwa michache kadiri ilivyorudi katikati. Niliitazama nikashtuka. Nilikuwa nimeuona mchoro ule kabla, chini ya rangi baba aliyoikwangua kwenye pikapu ya Mama Ndeshi.

Katikati alibaki mama yake Ndeshi. Lakini mstari mmoja ulikuwa bado unakwenda nyuma yake, na sikujua ulikotoka, kwa kuwa baba nilimsikia akisema chuma tu, si meno. Ndeshi alikuwa amekatazwa kuongea nami. Alinifuata bombani, akajifanya anaosha miguu, akasema huku ametazama maji:

"Kutu, mama anasema aliyesema ni fundi."

"Fundi gani?"

"Baba yako."

Jioni baba alirudi kutoka kununua rangi, akakanyaga mchoro, akarudi nyuma.

"Hii nini tena, mama?" Baba aliniita mama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Ni njia ambayo maneno yalipita."

"Na huyu wa katikati kabisa, ambaye wote wametoka kwake?"

"Ni wewe."

"Mimi!"

"Ulimwambia Mama Ndeshi kutu inaambukiza."

"Nilisema gari!" Baba alipaza sauti mpaka mafundi wa jirani wakageuka. "Nilisema mlango! Mlango wa gari, jamani!" Kisha akaketi kwenye kopo la rangi, akajifunika mdomo kwa kiganja, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Sikutaka aendelee kujifunika. Nikamwuliza haraka:

"Baba, lakini inaambukiza kweli? Magari mawili yakikaa pamoja?"

Alifikiri. Baba akiulizwa habari za kazi alijibu kila mara, hata akiwa na huzuni. "Inatembea kwenye gari lilelile. Kutoka hili kwenda lile, hapana. Ila yakilala yote kwenye dimbwi moja, yataoza yote. Hata kama hayajagusana."

Nilisimama na chaki yangu. Bibi, mwinjilisti, mwenye duka, mpiga kinanda, baba, kaka, mimi: hatukuambukizana. Tulilala kwenye dimbwi moja, kule Momela. Na mama alikuja kwenye dimbwi hilo akiwa na meno yaliyokwisha kamilika, kama gari lililopigwa rangi vizuri kabla ya mvua. Sikuwa na maneno ya kitaalamu, lakini hoja yote ilikuwa imekamilika pale sakafuni, na nilitaka kurudi dirishani.

Asubuhi iliyofuata nilipita dawati la nyuma bila kulitazama. Nikaketi kwangu. Mama alibaki mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani.

"Elifuraha," Mwalimu akasema taratibu, "tulikubaliana utakaa nyuma."

"Hatukukubaliana, Mwalimu. Niliambiwa."

Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye ufizi, lakini nilisimama, kwa sababu nilijua nikiketi kimya nitahamishwa tena. "Yule ni mama yangu. Alinitafunia chakula akanilisha kutoka mdomoni mwake, na anakula kwa kijiko kilichotoka mdomoni mwangu. Hakuna mtu humu amekula mate yangu kama yeye. Mama, cheka."

Mama akacheka. Si tabasamu la picha. Alikifungua kinywa chote, akalizungukia darasa kutoka safu ya mbele mpaka ya mwisho, kama mwenge.

"Labda kayapiga rangi!" mvulana mmoja akaropoka.

"Njoo ukwangue," mama akamwambia.

Darasa zima likaangua kicheko, na Mwalimu mwenyewe akageuza uso. Aliponigeukia alikuwa amejikaza. "Nimekuelewa. Lakini wazazi watasema."

"Waulize nani kawaambia, Mwalimu. Wote. Mwisho utafika kwa baba yangu, na baba alikuwa anaeleza mlango wa pikapu."

Hakusema ndiyo. Alishika chaki, akageukia ubao na kuanza kuandika somo la siku. Mkoba wa Ndeshi ulikuwa umewekwa mahali pangu tangu nilipoondolewa. Ndeshi akauvuta, akaushusha chini ya miguu yake.

"Umechelewa, Kutu," akasema. "Nakili haraka kabla hajafuta."

Ningependa kukuambia kwamba mama yake aliomba radhi. Hakuomba. Alipeleka pikapu kwa fundi mwingine, kisha akaja shuleni kudai mwanawe ahamishwe. Ndeshi alimjibu kwamba sawa, ahamishwe, lakini aende nyuma pamoja na mimi. Mama yake aliondoka kwa hasira, na suala likafia hapo. Kikombe chenye uzi mwekundu nilikipeleka nyumbani, na kaka akakifanya cha kuchotea mchanga.

Mambo mengine nilijifunza nikiwa mkubwa. Maji ya upande ule hupita kwenye mawe ya volkano na kubeba floridi nyingi. Floridi hiyo hulikuta jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, kabla mtoto hajaanza kulitumia, na linapotoka huwa tayari lina rangi yake. Hakuna mdomo unaouambukiza mdomo mwingine. Na unielewe vizuri hapa: kuyatetea meno yangu si kuyatetea maji yale. Floridi ikizidi hudhuru hata mifupa. Watoto wa kule wanastahili maji mengine, na nalisema hilo kwenye kila mkutano ninaopewa nafasi, nikiwa nimefungua mdomo vizuri ili hata walioketi nyuma waone ninachokizungumzia.

Daktari mmoja wa meno aliwahi kunishauri nikayafunike, akasema mtu wa kazi yangu anasimama mbele ya watu. Nilimshukuru. Anayetaka kufunika ya kwake afunike, ni haki yake na simcheki. Mimi nimekataa. Nafundisha na meno haya, nacheka nayo, na kwenye picha ya idara ndiyo yaliyotangulia. Kila mwaka hutokea mwanafunzi kutoka Meru anayeketi mwisho wa ukumbi na kiganja mdomoni. Nikimwona simwambii kitu. Nauliza swali gumu tu, nasubiri, na mara nyingi kabla kipindi hakijaisha anakuwa amesahau kiganja chake mezani.

Nimetumia maisha yangu ya kazi kutofautisha mambo mawili ambayo kwa mbali yanafanana. Kuna kinachopita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na kuna kinachowapata watu wengi kwa sababu wanashiriki chanzo kimoja. Ukitazama juu juu, utaona yote mawili yanakaa kwenye nyumba zilezile, familia zilezile, dawati lilelile. Sasa tuna kompyuta zenye kufuata nukta nyingi kuliko nilizoweza kuchora sakafuni, lakini swali ni lilelile, na kulijibu hakuhitaji kompyuta.

Kwa hiyo siku utakaposikia kwamba kitu fulani kinaambukiza, na kuna mtu anataka kutengwa kwa ajili hiyo, chukua karatasi. Weka nukta kwa kila mtu. Chora mstari kati ya wale wanaoshirikiana sahani, kitanda, kikombe. Kisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, wazungushie wale waliolelewa na maji ya mahali pamoja. Mtafute aliye karibu kabisa na mwenye tatizo lakini yeye hana. Nenda kamwulize huyo alizaliwa wapi na alikunywa maji gani, na umwulize kabla mtu yeyote hajaambiwa abebe mkoba wake.